Throto ya Mkono wa Kulia

Mwanzoni mwa 1999 mimi, Ayanle, nilikuwa rubani hodari kuliko wote mjini Garissa, kwa sababu nilikuwa peke yangu. Sikuwa na leseni wala ndege. Nilikuwa na duka la kupiga taipu karibu na soko la mifugo, kompyuta moja yenye kelele, feni iliyozunguka ilipojisikia, na mchezo wa ndege za kivita niliokuwa nikiucheza kila adhuhuri wakati wenye akili zao wamelala. Asubuhi niliwaandikia watu barua za kuomba kazi. Mchana nililinda anga la nchi ambayo hata jina lake sikulijua. Kwa muda wote huo sikuwahi kuangusha hata ndege moja ya adui, ila hilo sikumwambia mtu.

Kisha nikapata throto. Throto, kwa asiyeijua, ni ule mkono anaoushika rubani ili kuongeza au kupunguza nguvu za injini: ukiusukuma mbele ndege inanguruma, ukiuvuta nyuma inatulia. Ya kwangu ililetwa na fundi mmoja wa ndege kutoka Nairobi. Ndege yao, iliyokuwa ikipeleka dawa kambi ya wakimbizi ya Ifo, ilipata pancha kwenye uwanja wetu, naye akaja dukani kwangu kutafuta kivuli huku akingoja gurudumu. Aliniona nikirusha ndege kwa vitufe vya kuandikia barua, akanihurumia. Safari iliyofuata akaniletea throto pamoja na stiki, ile fimbo ya kuelekezea ndege, zote kuukuu na bila kitabu cha maelezo.

"Buda, sikiza," akaniambia. "Throto ni mkono wa kushoto, stiki ni wa kulia. Usiwahi badilisha hizo vitu, utalia."

"Habana shida," nikamjibu. "Mimi nafahamu fizuri."

Kwenye karatasi Kiswahili changu huvaa suti na tai. Mdomoni hutoka na kikoi.

Kuifunga throto si kuichomeka tu. Kompyuta haijui mkono unaanzia wapi na unaishia wapi, lazima uifundishe. Unafungua ukurasa wa vifaa, unausukuma mkono hadi mwisho, unabonyeza, unauvuta hadi mwisho, unabonyeza tena, halafu unaangalia kama kuna mstari kwenye skrini unaopanda na kushuka pamoja nawe. Wangu haukupanda wala kushuka, ulitetemeka tu papo hapo kama mtu mwenye malaria. Vumbi lilikuwa limeingia ndani, na mkono wenyewe ulikuwa mgumu. Mtu mwenye busara angetafuta spiriti. Mimi nikachukua subag, samli ambayo mke wangu Ramlo aliificha nyuma ya gunia la mchele, nikaipaka throto ndani na nje.

Ikalainika ajabu. Nikajisifu jioni nzima. Kesho yake nikiwa angani, ndege ikaanza kupanda na kushuka yenyewe bila idhini yangu. Nilipoifungua throto nikakuta sisimizi wamejaa, wanapita juu ya nyaya kwa msafara, wengine wamebeba mizigo.

"Angalau sasa una abiria," alisema Ramlo, kisha akaulizia samli yake.

Nilisafisha kwa pamba na spiriti ya zahanati, nikaifundisha kompyuta upya, na hatimaye mstari ukapanda taratibu na kushuka taratibu. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kipumbavu. Nilimwita Ramlo kutoka jikoni aje kuutazama mstari. Akautazama ukipanda, akautazama ukishuka. "Mashallah," akasema. "Na unga umekwisha."

Wakati huohuo nyumba nzima ilikuwa na jambo moja tu la maana, nalo halikuwa throto. Mama yake Ramlo, Osob, alikuwa amepata nafasi ya kwenda hija. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wameipanga safari hiyo tangu walipokuwa wakichunga ngamia kule Hadado, mzee akafariki kabla haijawezekana. Sasa kaka yake Osob, Rage, alikuwa anakwenda na kundi kutoka Nairobi, na angekuwa mahram wake, ndugu wa kiume wa kumsindikiza njiani. Pasipoti ilikuwa tayari. Nguo nyeupe zilikuwa zimeshonwa. Kilichobaki ni Osob mwenyewe kukubali kupanda ndege, naye alikataa katakata.

"Lori likiharibika linasimama," alikuwa akisema. "Hicho kikiharibika kitasimama wapi?"

Si kwamba alikuwa mwoga. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi kwa kandambili. Lakini ndege alizozijua yeye ni zile alizosimuliwa na ndugu yake aitwaye Maka, aliyeikimbia Somalia mwaka tisini na moja na bado yuko Ifo: zinatokea, zinaangusha kifo, zinaondoka, na aliye chini hajui ni nani aliyekuwa ndani. "Kinapita tu," Osob alisema, "na huoni mtu wa kumuuliza." Rage alimbembeleza, akamgombeza, mwishoni akampa hadi Alhamisi. Baada ya hapo nafasi ingechukuliwa na mjane mmoja wa Griftu aliyekuwa anaingoja kwa hamu.

Ramlo alilia. Alisema baba yake alikufa na safari hii moyoni, na hataki mama yake afe vilevile. Nami nilimpenda Osob, kwa namna ambayo mkwe hapaswi kuisema kwa sauti. Nilipokwenda kuposa, ndugu zake wote waliuliza kama kupiga taipu ni kazi ya mwanamume. Yeye peke yake alisema, "Angalau hatarudi nyumbani akinuka mbuzi." Kwa hiyo nilipomwona mke wangu analia, nilifungua mdomo, na kila mdomo huu unapofunguka bila kuulizwa hutokea balaa.

"Mlete mama dukani," nikasema. "Nitamwonyesha kwa macho yake kwamba ndani kuna mtu, na mtu huyo ana mkono, na mkono huo unaitii akili. Akiona hivyo woga utamtoka."

"Kwa ule mchezo wako wa vita?"

"Nitachagua doria ya amani. Tunapaa, tunazunguka, tunatua. Hakuna wa kutugusa."

Tazama akili hiyo. Mwanamke anaogopa ndege kwa sababu ya vita, na dawa niliyomchagulia ni ndege ya vita. Siku hizo niliona ni wazo zuri mno.

Jumanne asubuhi nilifagia duka, nikanyunyiza maji chini, nikafunga mlango wa wateja. Nikaijaribu safari nzima: nikapaa, nikazunguka, nikatua vizuri kuliko siku zote. Kisha nikaweka kigoda cha Osob, na hapo ndipo nilipogundua tatizo. Kigoda kingekaa upande wa kushoto tu, maana kulia kulikuwa na taipureta na rafu ya karatasi. Na kushoto ndiko iliko throto.

Kwa asiye wa kwetu hilo si kitu. Kwetu, mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, na mkisema jambo zito mnapitisha kwa mtu wa tatu hata kama mmekaa chumba kimoja. Na sasa mimi nilikuwa nimejiandaa kukaa kando yake na kumsukumia mkono wa kushoto, mkono wa chooni, mbele ya magoti yake asubuhi nzima. Jasho lilinitoka. Ningeweza kumwomba akae nyuma yangu, lakini basi ningempa mgongo, na hiyo ni mbaya zaidi. Onyo la yule fundi lilinijia. Nikaliambia likae kando, hili ni suala la adabu.

Nikaihamisha taipureta chini, nikaiweka throto kulia na stiki kushoto, karibu na tumbo langu, ambako mkono haunyooki mbele ya mtu. Waya haukufika. Nikavuta, nikasukuma meza, nikatoa maneno ambayo kwa mama mkwe hayasemwi. Mwishowe ulifika kwa njia moja tu: kuigeuza throto, mbele ikawa nyuma, waya ukapita juu ya mapaja yangu. Maana yake sasa nikisukuma mbele ningekuwa napunguza, na nikivuta ningekuwa naongeza. Hilo nililiona mara moja, maana mimi si mjinga wa kawaida. Nikafungua ukurasa wa vifaa, nikatia alama mahali pa kugeuza mwelekeo. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa uangalifu, nikafungua mipangilio ya mchezo wenyewe, nikatia alama ya kugeuza na huko pia.

Ukigeuka mara moja unatazama ulikotoka. Ukigeuka mara mbili, umebaki palepale. Jambo hilo mbuzi analijua. Mimi nilikuwa na cheti cha kompyuta.

Sikupata nafasi ya kujaribu. "Assalamu alaikum" ilikuwa imeshafika mlangoni.

Osob aliingia akiwa amejitanda shuka lake jipya, nadhani lile la safari, na hilo lilinipa matumaini. Ramlo akasimama kati yetu. Nikashika stiki kwa mkono uliozoea throto, na throto kwa mkono uliozoea stiki.

"Ramlo, mwambie eddo," nikasema, maana mama mkwe simwiti kwa jina, "kwamba ndani ya kila ndege kuna mtu anayeishika. Haiendi yenyewe. Sasa naongeza nguvu pole pole, nayo itaanza kwenda."

Nikasukuma mbele. Injini ikazimika.

"Hooyo, anasema itaanza kwenda," Ramlo akamwambia mama yake, ambaye alikuwa karibu nami kuliko yeye na alisikia kila neno.

"Mwambie naona imenyamaza."

"Anasema anaona imenyamaza."

"Mwambie hiyo ni kawaida," nikasema, nikaanza kubonyeza kila kitufe nilichokifahamu. Injini ikawaka. Nikavuta mkono nyuma ili ipumue kidogo, nayo ikanguruma, ikaruka kutoka ilipokuwa na kuanza kukimbia uwanjani kama ngamia aliyeumwa na nyuki. Nikavuta zaidi ili ipungue. Ikazidi. Mkono wa kushoto nao, ambao maisha yake yote haukuwahi kuelekeza kitu, ukaielekeza ndege kwenye nyasi, ukairudisha, ukaiinua.

"Tumepaa!" nikasema, nikiwa nimeshangaa kuliko wote.

"Anauliza kwa nini dunia imelala ubavu," alisema Ramlo.

"Mwambie tunakata kona."

Hatukuwa tunakata kona. Tulikuwa tunaanguka kwenda mbele. Kila nilipotaka kupunguza mwendo, nilivuta, na kila nilipovuta tulipaa kwa kasi ambayo sikuwa nimewahi kuifikia. Doria ya amani ilikuwa na njia yake iliyochorwa kwenye ramani. Tuliivuka, tukauvuka mto, tukauvuka mpaka. King'ora kikaanza kulia. Kwenye skrini kukatokea ndege nyingine, ndogo, ikigeuka kutujia.

"Ile ni ya nani?" akauliza Osob, na Ramlo akasahau kulipitisha swali.

Nilibana kila kitu nilichokuwa nimeshika. Kwenye stiki, chini ya kidole, kuna kitufe cha kufyatua kombora. Moshi mweupe ukatoka chini yetu, ukanyooka, ukaikuta ile ndege ndogo katikati kabisa ya skrini. Ikapasuka vipande vipande.

Miezi yote hiyo nilikuwa nimefyatua makombora yaliyopiga mawingu, milima na mara moja jengo letu wenyewe. Sasa, kwa mkono usio wake, bila kukusudia, nilikuwa nimeangusha adui. Mungu anisamehe, nilisahau nilikuwa na nani. Niliachia vyote nikainuka kwenye kiti.

"Nimempata! Wallahi nimempata!"

"Nani alikuwa ndani?"

Osob hakupitisha kwa Ramlo. Aliniuliza mimi, akinitazama, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Hakuna mtu, eddo. Ni mchezo. Ni picha tu."

"Umesema ndani ya kila ndege kuna mtu anayeishika."

Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nimeumeza.

"Na hii yetu," akaendelea, "sasa hivi anaishika nani?"

Nikatazama mikono yangu. Yote miwili ilikuwa hewani. Kwenye skrini ardhi ilikuwa imegeuka ukuta wa rangi ya kahawia na ilikuwa inatujia. Nikairukia stiki, nikakosa, nikaiangusha chini. Kukatokea moto skrini nzima, halafu weusi, halafu maandishi ya kunipa pole.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema Osob. Akajitanda vizuri, akainuka, akatoka. Ramlo alibaki mlangoni kidogo akinitazama. Nilitamani anitukane. Alitikisa kichwa tu, akamfuata mama yake.

Rage alifika kabla ya adhuhuri. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo ndevu zake nyekundu za hina zilikuwa zinatetemeka. "Wewe kijana, umemwonyesha nini dada yangu? Mimi mwezi mzima namwambia ndege ni basi lenye mabawa. Wewe umempa asubuhi moja, umemwonyesha inaua, halafu inaungua!"

"Abti, niligeuza mara mbili," nikamwambia mjomba huyo wa mke wangu, kana kwamba hilo lingemsaidia.

Akanitazama kama anayetafuta mahali akili yangu ilipotorokea. Akasema mjane wa Griftu ataambiwa ajiandae, akaondoka.

Nyumbani Ramlo alinipakulia chakula, akarudi jikoni. Niliona aibu ambayo sikuijua kabla. Nilikuwa nimemnyima mama wa watu Makka, kwa sababu ya adabu ya mkono na kiburi cha mstari unaopanda na kushuka. Ningekuwa nimenyamaza tu, pengine Rage angemshinda kwa maneno.

Jumatano nilikwenda kwa Osob. Nilisimama nje ya ua wake nikatazama chini, nikamwomba radhi kupitia Ramlo aliyekuwa akianua nguo. Nilisema ndege za kweli haziendeshwi na watu kama mimi. Nilisema marubani wa kweli husoma miaka mingi. Nilisema mengi, na Ramlo aliyapitisha kwa mama yake kwa maneno machache zaidi.

Kisha nikasikia sauti ya Osob kutoka ndani ya ua, ikisema nami moja kwa moja.

"Ayanle. Nilipokuwa nikiziona zikipita, nilidhani ni kitu kama upepo. Huwezi kuuombea upepo, haukusikii wala hauna wa kumjibu. Jana nimeona kuna mtu. Nimeona jasho lake, nimeona anaogopa, nimeona mikono yake inapoteleza. Sasa mkono wa mtu naweza kuuombea. Tangu jana namwombea rubani wangu. Sijui jina lake, lakini namwombea mikono yake. Na namshukuru Mungu kwamba si wewe. Mwambieni Rage ninakwenda."

Ramlo alidondosha nguo zote alizozianua. Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikawa nacheka na machozi yananitoka, na sikujali nani anapita.

Basi la Nairobi liliondoka Jumamosi asubuhi. Rage alipakia mizigo huku akiniepuka, maana mtu aliyeharibu na bado mambo yakanyooka ni vigumu kumgombeza. Osob alikaa dirishani, ndani ya lile shuka jipya. Ramlo alisimama chini yake akiwa ameushika mkono wake, na mimi nikakaa nyuma kwa umbali wa heshima.

Wakaongea kwa muda. Kisha Ramlo akanijia, uso wake haueleweki.

"Hooyo anauliza yule kijana wa ile ndege ndogo aliitwa nani. Anataka jina la kumwombea Arafa."

Nilitaka kucheka. Nilifungua mdomo kabisa ili nicheke. Kisha nikaona anangoja dirishani, kwa dhati, kama mtu anayengoja kuambiwa bei.

"Mwambie hana jina. Mwambie ni picha, aliichora mtu mahali fulani. Hakuna aliyekufa."

Ramlo akaenda. Nikamwona Osob akiinamisha kichwa kumsikiliza, akijibu maneno machache. Dereva akapiga honi. Ramlo akarudi wakati basi limeshaanza kusogea, akalazimika kusema kwa sauti juu ya mngurumo.

"Anasema anajua ni picha. Anasema ataomba hivyohivyo, kwa mtoto wa mwanamke fulani, na kama huyu ni wa picha tu, dua itamfikia wa kweli."